Tunaagiza pamoja mtandaoni, siri ya kila mtu inabaki yake

Ule ushauri wa "fungueni akaunti moja ya duka la mtandaoni mtaokoa nauli" siutaki tena kuusikia hapa Mwanga, Kigoma. Sisi marafiki wa kike tuliufuata kwa sababu mzigo kutoka Kariakoo hadi Kigoma ni ghali ukiagiza peke yako. Nenosiri tukawa nalo wote. Ukiingia kutafuta viatu unakutana na manunuzi ya wenzako: nani kaagiza wigi, nani dawa ya chunusi.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mimba changa, hata mama mkwe hajui. Alitazama tu vitu vya watoto, hakununua. Programu ikaanza kutupendekezea sote beseni za kuogeshea vichanga! Mmoja akamuuliza mbele za watu, "Shoga, unatuficha nini?" Akalia. Na yule aliyetushauri akaunti moja akasema asiye na baya hana cha kuficha. Mimba changa ni baya?

Facebook nao walileta Beacon mwaka 2007, ikawatangazia watu manunuzi ambayo rafiki zao waliyafanya kwenye tovuti nyingine. Walilalamikiwa hadi wakaifunga 2009.

Nikasema nitapanga mimi. Kila mtu ana akaunti yake. Vifurushi vyote vinakwenda kwa wakala mmoja Kariakoo, vimeandikwa namba, si majina. Anavitia kwenye sandarusi moja bila kuvifungua, anapakia kwenye basi, na nje kuna simu yangu tu.

Kazi ilikuwa kugawana nauli. Zamani tuligawana kwa bei ya bidhaa, ndiyo maana kila mtu alidaiwa risiti. Nikawaza sana, mwisho nikapata: uzito! Basi likifika navipeleka vifurushi vikiwa vimefungwa kwa muuza dagaa jirani, mizani yake inapima, kila namba inalipia kilo zake. Ya kilo moja ni elfu chache tu. Hakuna anayejua kilichomo wala bei yake. Hili najivunia kwa dhati.

Na habari bado tunapeana, tena nyingi: duka gani saizi zake ni ndogo, nani anachelewesha. Picha ya skrini ikate kwanza jina, simu na namba ya oda. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, sisi marafiki tushindwe kustahiana?

Anayetaka kitu chepesi kinachojaza nafasi, kama mto, aniambie kabla hajalipa.