Vile nilipata chuo cha mtandaoni cha kumalizia digrii ya kompyuta nikiwa Kisumu

Mtu akiniuliza kuhusu chuo cha mtandaoni swali lake la kwanza huwa karo ni pesa ngapi kwa semesta, na mimi namuuliza, wewe ushafanya yuniti ngapi, yaani yale masomo ya digrii, na transkripti, ile karatasi ya matokeo, iko wapi? Kwa anayeanza mwaka wa kwanza karo ya semesta inatosha kulinganisha vyuo. Lakini kwa sisi tulioachia njiani hesabu ni nyingine kabisa, ni yuniti ngapi watakukubalia na ngapi watataka urudie ukilipa tena, na hapo ndipo chuo kinachoonekana rahisi kinaweza kukula kuliko kile ulichoona ni ghali.

Mimi niliacha baada ya kumaliza mwaka wa pili wa digrii ya teknolojia ya habari. Baba aliugua, pesa ya nyumbani yote ikaenda hospitali, wadogo zangu wako sekondari, kwa hivyo nikarudi Kisumu kutafuta kazi. Nilianzia saiba moja pale Kondele, kuchapa barua, kujazia watu fomu za ushuru za KRA na za mkopo wa masomo wa HELB, baadaye nikapata kazi ya kompyuta kwa ofisi ya SACCO na ndipo niko mpaka leo. Kazi naijua. Mtandao ukipotea wananiita, printa ikigoma wananiita, mtu akisahau paswadi Jumatatu asubuhi wananiita. Lakini kila nafasi ya juu ikitangazwa mstari wa kwanza unasema digrii, na nilikuwa nimechoka kufundisha watu kazi halafu wanakuwa wakubwa wangu.

Kitu cha kwanza haikuwa kutafuta chuo, ilikuwa kutoa transkripti. Chuo changu cha zamani, sitakitaja, kilikuwa kimeishika kwa sababu ya karo iliyobaki, na bila hiyo karatasi hakuna chuo kingine kitakuhesabia chochote hata kama ulipata A tupu. Jioni moja tukichambua sukuma Mama akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, hiyo karatasi imeshikwa na pesa ngapi?" Nikamwambia elfu thelathini na nane. Akachambua majani kidogo akasema, "Hiyo ni ng'ombe, na hata si mkubwa." Nikamwambia Mama wacha ng'ombe akae, nikakopa kwa chama chetu nikalipa pole pole. Kuna pia mkopo wa HELB unaoitwa Jielimishe, wa watu wako kazini wanaorudi kusoma, lakini wa chama ulikuwa karibu na hawa wamama wananijua.

Siku ya kuchukua transkripti niliomba kitu kingine ambacho wengi hawaombi, yale maelezo ya kila yuniti, yaani ukurasa unaoonyesha mlisoma nini wiki hadi wiki, masaa mangapi, vitabu gani. Mama mmoja wa ofisi ya idara alinitolea faili ya zamani, tukaenda yuniti moja moja, akanipigia muhuri kila ukurasa. Yule mama Mungu ambariki. Chuo kipya kikiona tu jina "Databesi 1" kinaweza kusema hakijui mlifunzwa nini, lakini kikiona mlifanya SQL, ile lugha ya databesi, mkafanya ule mpangilio wa majedwali mpaka hatua ya tatu, mkafanya na maabara, hawana pa kukatalia.

Sasa kutafuta. Mtandaoni utaona watu wakisifu Western Governors University ya Marekani, kwamba unalipia miezi 6 na ndani ya hiyo miezi unamaliza yuniti nyingi unavyoweza, na kweli ni mpango mzuri sana kwa mtu mwenye kujua kazi tayari, lakini wanataka uwe unaishi Marekani, kwa hivyo mimi na wewe tulio Manyatta hapa Kisumu tuachane nayo. University of London wana digrii ya sayansi ya kompyuta iliyoanza 2019 kupitia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, na iliandaliwa na chuo chao cha Goldsmiths, lakini bei iko kwa pauni na kwa mshahara wangu hata sikukaa sana hapo.

Ile ilinishika ni University of the People. Ilianzishwa 2009 na Shai Reshef, ikapata ithibati ya Marekani 2014, na mfumo wao ni kwamba hulipi karo ya kufunzwa, unalipa ada ya mtihani kwa kila kozi, na digrii nzima ni kozi 40. Mihula yao ni ya wiki 9 kwa hivyo mtu anaweza kuchukua kozi moja au mbili na kuendelea na kazi. Niliifikiria sana. Kilichonirudisha nyuma ni dola. Hii ilikuwa mwanzo wa 2024, na kama unakumbuka Januari hiyo dola moja ilipita shilingi 160, halafu katikati ya mwaka huo huo ikarudi karibu 129. Yaani kitu cha dola 100 kilikuwa elfu kumi na sita mwezi mmoja na miezi michache baadaye ni kama elfu kumi na tatu. Safari hiyo ilishuka, ingine inaweza kupanda, na mimi nalipwa kwa shilingi na nimeshapanga bajeti ya miaka. Mtu ambaye ana kazi za mtandaoni na analipwa kwa dola ningemwambia aende huko bila wasiwasi mwingi, ila ajue kwamba digrii ya nje ukiileta Kenya unaipeleka kwa mamlaka ya hapa itambuliwe rasmi kabla waajiri wengine hawajaikubali, hasa wa serikali, na hiyo ina ada yake na muda wake.

Hapa nyumbani niliangalia Open University of Kenya, ile iliyopewa hati Agosti 2023 na iko Konza, kila kitu chao ni mtandaoni. Kwa kompyuta walianza na sayansi ya data na usalama wa mitandao. Mdogo wangu akimaliza shule nitamwambia aangalie hapo kwanza. Lakini yuniti zangu zilikuwa za teknolojia ya habari, na nilitaka kumaliza kile nilianza badala ya kuanza kitu jirani yake. Halafu kuna vyuo vya umma vyenye mlango wa masomo ya mbali, Maseno hapa karibu wana eCampus yao, na vingine vingi. Hapo ndipo nilitulia nikachukua daftari.

Kabla ya daftari, jambo moja la CUE, ile tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu Kenya. Usiangalie tu kama chuo kina hati, angalia na kozi yenyewe kama imeidhinishwa, kwa sababu wanaidhinisha chuo na wanaidhinisha programu pia, na orodha zote mbili wanazitoa kwa tovuti yao. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na ile kozi unayotangaziwa bado haijapitishwa. Mimi kila chuo nilichoandika kwa daftari nilikitafuta kwa orodha zote mbili kwanza na vingine vikatoka hapo hapo, hata sikupiga simu.

Na jambo la pili ambalo watu hulia nalo, kuhamisha yuniti kuna kikomo. Miongozo ya CUE ya 2014 inasema haiwezi kupita asilimia 49 ya kozi za msingi zinazofanana. Kwa hivyo hata kama ulifika mwaka wa nne ukafukuzwa na karo, ukihamia chuo kingine zaidi ya nusu utasomea huko. Ndio maana kama umebakisha mwaka mmoja, kwanza uliza chuo chako cha zamani kama watakurudisha, inaweza kuwa ndio njia rahisi kuliko zote. Mimi sikuweza, chuo chetu walitaka mtu darasani mchana katikati ya wiki na kiko mbali, na nina kazi na mtoto.

Basi daftari. Nilichora safu, jina la chuo, yuniti walizokubali, yuniti zilizobaki, pesa kwa yuniti au kwa semesta, pesa za pembeni, mtihani unafanyiwa wapi. Halafu nikaandikia kila chuo imeili, nikaweka transkripti na yale maelezo ya yuniti, nikauliza swali moja tu, mtanikubalia zipi? Wengine hawakujibu. Wengine walinipigia simu wakaniambia "wewe kuja tu ujisajili, hiyo tutaangalia baadaye", na hao niliwatoa wote, sitaki kulipa ada ya kujiunga halafu niambiwe kamati imekataa. Kuna kijana mmoja wa admisheni aliniambia, "Dada, usijali, yuniti zako zote zitaingia." Nikamwambia sawa, niandikie hivyo na saini ya mkuu wa idara. Akasema atanirudia, mpaka leo.

Vilibaki viwili vya maana. Cha kwanza semesta ni elfu ishirini na mbili, inapendeza, kila mtu angechukua hicho. Lakini walinikubalia yuniti 9 tu na wakanirudisha mwaka wa kwanza semesta ya pili, yaani semesta 7 mbele yangu, ambayo ni 154,000. Cha pili wanalipisha kwa yuniti, elfu tano na mia tano, na ukizidisha kwa yuniti tano za semesta unaona 27,500 na moyo unashtuka. Lakini hawa walikubali yuniti 21 kati ya 48, zikabaki 27, ambayo ni 148,500, na ninamaliza mapema kwa kama semesta moja. Na kwa sababu wanalipisha kwa yuniti, semesta mbaya naweza kuchukua mbili peke yake na kulipa za mbili. Hiyo kwangu ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya bei, kwa sababu kilichonitoa chuo mara ya kwanza ni semesta nzima kudaiwa wakati pesa haipo.

Pesa za pembeni uliza zote. Ada ya kujiunga, ya mtihani, ya kitambulisho, ya maktaba, ya kuhamisha yuniti zenyewe, ya mahafali. Na uliza mtihani. Chuo kinaweza kusema ni cha mtandaoni asilimia mia na mtihani wa mwisho mnaenda Nairobi, sasa weka basi kwenda na kurudi, pa kulala, siku za ruhusa kazini, kila semesta. Chuo changu mitihani midogo na asainimenti ni mtandaoni, ya mwisho tunafanyia kituo chao hapa Kisumu Jumamosi na Jumapili. Kabla sijajiunga niliuliza pia afisa wa waajiriwa kazini kama digrii ya masomo ya mbali itahesabiwa, akasema wao huangalia kama CUE inaitambua, nikamwomba anijibu kwa imeili, akajibu.

Nilipokuwa nasubiri barua ya idara nilifanya CS50 ya Harvard, kozi ya mtandaoni ya kuanza kompyuta, ni ya bure na haikupatii yuniti yoyote, lakini nilikuwa nimekaa miaka bila kuandika programu ya maana na ile kozi inakuamsha. Wiki ile ya lugha ya C inayohusu kumbukumbu ya kompyuta ilinitesa usiku mwingi, na nilipofika kwa yuniti ya miundo ya data nikakuta nimeshavuka mahali wenzangu wamekwama.

Kusoma kwenyewe ni bando na stima. Chuo kinatumia Moodle, mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, na apu yake ya simu inakuruhusu kushusha masomo ukasome bila intaneti, kwa hivyo nashusha ya wiki nzima mara moja, video nazichukulia ofisini baada ya saa za kazi kwa ruhusa ya mkubwa wangu. Laptopu usinunue mpya. Nilichukua ya mtumba kwa fundi ninayemwamini, nikaongeza RAM ikafika GB 8 na kuweka SSD, ile diski ya kasi, na inabeba Linux ndani ya Windows bila shida. Kwa yuniti ya mitandao tulitumia Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ni bure. Asainimenti naipakia siku moja kabla, kwa sababu stima ikipotea usiku wa mwisho saa tano mfumo hautakuuliza unaishi wapi.

Saa hizi nimebakisha semesta ya mwisho na projekti, natengeneza mfumo wa kuweka hesabu za chama unaofanya kazi hata mtandao ukiwa chini. Msimamizi wangu tunaongea kwa video kila baada ya wiki mbili na ni mkali, jambo ambalo nashukuru. Kama unataka inteki ya Septemba na transkripti unayo, tuma zile imeili za kuuliza yuniti kuanzia Mei, kwa sababu maombi hayo husubiri kikao cha kamati ya idara, na ukituma Agosti jibu litakuja wakati wenzako wameshaanza masomo.