Mtu mzima akikuomba anime ya kuanzia, hesabu kwanza atakayotakiwa kuyasamehe

"Nipe moja tu, nzuri, nijaribu." Ombi hili la anime, yaani katuni za Kijapani, likitoka kwa mtu wa miaka arobaini, mwenye kazi, watoto na rimoti inayogombewa sebuleni, wengi wetu tunakosea palepale. Tunampa ile iliyotutoa machozi sisi. Tunasahau kwamba ilitutoa machozi baada ya kutazama nyingine ishirini, na zile ishirini ndizo zilizotufundisha kuitazama.

Njia ninayoiamini siku hizi ni kuhesabu misamaha. Kila anime inamdai mgeni asamehe mambo fulani: macho makubwa, kusoma maandishi chini ya picha, wahusika wanaopayuka pasipo sababu, damu inayomtoka mvulana puani akimwona msichana, vifua visivyo na uhusiano wowote na hadithi, kijana wa miaka kumi na mitano anayeachiwa dunia nzima aiokoe. Sisi wazoefu hatuyaoni tena, kama muuza dagaa asivyosikia harufu ya ghala lake. Mgeni anayaona yote kwa mpigo. Uvumilivu wake unatosha misamaha miwili, pengine mitatu. Ukimpa kazi inayodai saba, atazima kabla hadithi haijafika kwenye utamu wake, na hatakwambia ukweli. Atasema tu, "Nitaimalizia wikiendi."

Swali la kumuuliza, basi, ni hili: mara ya mwisho ulikesha ukitazama nini? Usimuulize anapenda aina gani, maana atajibu "yoyote ile" na utarudi gizani. Akitaja tamthilia za madaktari na polisi, umepata njia. Akitaja za Kikorea, huyo kusoma maandishi keshazoea, msamaha mmoja umefutika. Akiwa amekulia kwenye mabanda ya video ambako DJ anaisimulia filamu juu kwa juu kwa Kiswahili, ujue macho yake hayajazoea kushuka chini na kupanda. Huyo umpe kitu kinachosema polepole, au chenye sauti za Kiingereza. Na akiwa ni Mswahili aliyekulia Muscat, kuna uwezekano mkubwa kwamba tayari anamjua Kapteni Majid aliyekuwa akizungumza Kiarabu runingani. Yule ni Captain Tsubasa wa Wajapani, na kwa huyu neno "anime" halina ugeni wowote, ni jina jipya tu.

Kwa wengi mimi ningeanza na filamu, kwa sababu urefu ni msamaha mkubwa kuliko watu wanavyokiri. Tokyo Godfathers ya mwongozaji Satoshi Kon, ya mwaka 2003, ina dakika 92. Watu watatu wasio na makazi wanaokota kichanga kwenye takataka usiku wa Krismasi jijini Tokyo, nao wanazunguka kumtafuta mama yake: Gin mlevi, Hana aliyezaliwa mwanamume na anayeishi kama mwanamke, na Miyuki, binti aliyetoroka kwao. Hakuna nguvu za ajabu, hakuna shule, hakuna roboti. Inachodai ni kukubali sadfa nyingi zinazofuatana, na mtu aliyekulia kwenye sinema za Kihindi hilo halimsumbui hata kidogo.

Usiichanganye na Perfect Blue, filamu ya Kon huyohuyo ya 1997. Ni kali na imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini ina tukio la ubakaji linaloigizwa mbele ya kamera ndani ya hadithi, na huo si mtego wa kumtegea mtu aliyekaa na mama mkwe.

Studio Ghibli, watengenezaji maarufu wa filamu za anime, nayo ina hatari zake mbili. Ukimpa My Neighbor Totoro atasema, kwa upole, kwamba ni nzuri kwa watoto, na umeithibitisha ile dhana uliyotaka kuivunja. Ukigeuka ukampa Grave of the Fireflies ili umwonyeshe kwamba katuni zina uzito, atalia, atakushukuru, na hatagusa anime nyingine kwa miezi sita. Cha ajabu ni kwamba filamu hizo mbili zilitoka siku moja, Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Spirited Away ya 2001 iko katikati, na Oscar yake inasaidia kwa mtu anayehitaji kibali cha wakubwa kabla hajakaa kitako.

Sasa mfululizo. Hesabu yenyewe ni hii: kipindi kimoja kina dakika 24 hivi, ndani yake wimbo wa kufungua sekunde 90 na wa kufunga sekunde 90. Ukiziruka nyimbo zote mbili unabaki na dakika 21. Msimu mfupi una vipindi 12 au 13, kwa sababu televisheni za Japani hupanga ratiba kwa robo za mwaka, kuanzia Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kwa hiyo vipindi 12 ni saa nne na robo, mradi unaruka nyimbo. Vipindi 26 ni kama saa tisa. Mtu mzima umtajie saa, si idadi ya vipindi. "Saa tisa, yaani nusu saa kila usiku kwa wiki tatu" inaeleweka. One Piece, iliyoanza Oktoba 1999, imepita vipindi 1,100. Hiyo ni zaidi ya siku 18 bila kulala. Hata iwe tamu vipi, kuitaja kwa mgeni ni kumfukuza.

Ninayoiona inafaa kuliko zote kwa mfanyakazi wa ofisini ni Planetes, vipindi 26, ya 2003 na 2004. Mwaka ni 2075, na kampuni ya anga ina idara ya kuzoa takataka: vipande vya satelaiti, nati na skrubu zinazozunguka dunia kwa kasi ya kutoboa chombo. Inaanza kwa ajali ya 2068, skrubu moja tu, abiria wamekwisha. Idara yenyewe haileti faida, kwa hiyo inadharauliwa. Watu hawatoshi, wenzao wanaiita idara nusu, bosi anajipendekeza kwa wakubwa, nahodha Fee anahangaika kutafuta pa kuvutia sigara. Aliyewahi kufanya kazi kwenye kitengo kilichosahauliwa na bajeti ataijua ofisi hiyo kabla hajaambiwa chochote. Kasoro yake mtajie mapema: vipindi vya mwanzo vina vichekesho vya kitoto, kikiwemo cha nepi, na uzito wake halisi unaingia baadaye. Asiyeonywa huacha kwenye cha tatu akidhani ndiyo yote.

Cowboy Bebop, 26 pia, ya 1998, inafaa zaidi kwa mpenda filamu za polisi na muziki wa jazi. Kwenye kipindi cha kwanza Jet, mwindaji wa wahalifu kwa malipo, anampikia mwenzake Spike nyama na pilipili hoho. Spike anachokonoa sahani, nyama haioni, anaambiwa hela hakuna. Kwa dakika chache umeshajua hawa ni akina nani na mfuko wao ukoje. Vipindi vingi vinajitegemea, kwa hiyo anaweza kutazama kimoja Jumanne na kingine Ijumaa bila kupotea. Ila mwambie asiruke cha 5, 12, 13, 25 na 26, kwa maana humo ndimo yaliyomo mambo ya zamani ya Spike. Sauti za Kiingereza za kazi hii ni nzuri sana, jambo ambalo si la kawaida, hivyo inamfaa anayetazama huku akipiga pasi.

Kwa anayependa hadithi za usiku, za mashetani ya mtoni na mambo yasiyoonekana, mpe Mushishi. Kipindi cha kwanza kina mvulana ambaye akichora kwa mkono wa kushoto kilichochorwa kinapata uhai. Hakuna vita, hakuna adui mkuu. Kosa ni kuitazama mfululizo: ni tulivu mno, kipindi cha tatu kitamkuta amelala. Kimoja kwa usiku, taa zimezimwa.

Fullmetal Alchemist: Brotherhood, vipindi 64, ni ya pili au ya tatu, si ya kwanza, ingawa kila orodha inaiweka juu. Sababu ni ya kiufundi. Kulikuwa na toleo la 2003 lenye vipindi 51, na hili la 2009 linakimbiza mwanzo kana kwamba kila mtu alishauona. Kipindi cha kwanza kinamwaga wahusika wengi kwa wakati mmoja, na mgeni hajui ashike yupi. Mwambie asihukumu kabla ya cha nne. Monster nayo ni hivyo hivyo. Daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Japani yuko Düsseldorf, Ujerumani. Anaamriwa amhudumie mwimbaji maarufu, na kibarua Mturuki aliyeletwa kabla yake anakufa. Mke wa marehemu anamuuliza kwa nini. Kwa mpenda upelelezi mwanzo huo ni ndoano tosha, lakini vipindi ni 74, karibu saa 30, na katikati pana mwendo wa konokono. Taja bei kabla hajanunua.

Nyingine niziseme haraka. Death Note inanasa upesi na kuchosha baada ya nusu. Evangelion mwache aifikie mwenyewe. Naruto ina zaidi ya vipindi 80 karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ambavyo vingi havimo kwenye kitabu cha michoro ilikotoka hadithi. Televisheni ilikuwa inakaribia kukipita, ikabidi wajaze. Demon Slayer inawachanganya wengi: filamu ya Mugen Train inaendelea palepale unapoishia msimu wa kwanza wenye vipindi 26, kisha hadithi hiyohiyo ikarudiwa runingani kwa vipindi saba. Anayeanza na filamu haelewi kitu, na anayetazama vyote analipia bando mara mbili.

Kuhusu maandishi ya chini, kuna hitilafu moja inayowasumbua wageni na hawajui jina lake. Wanachagua sauti za Kiingereza na maandishi ya Kiingereza, halafu maneno hayalingani. Maandishi yametafsiriwa moja kwa moja kutoka Kijapani, wakati sauti zimerekebishwa ili zifuate midomo. Tafuta chaguo lililowekwa CC, yaani maandishi ya wasiosikia, hilo mara nyingi hufuata sauti. La sivyo, weka sauti za Kijapani na yaishe. Na mwambie aruke dondoo za kipindi kijacho zinazokuja baada ya wimbo wa mwisho. Zinafichua mno.

Hapa ndipo Mswahili ana faida ambayo wasomaji wa Kiingereza hawana. Wafanyakazi wa Kijapani wakiagana jioni husema "otsukaresama". Kiingereza huandika "kazi nzuri" au kuliacha kabisa. Wewe mwambie mgeni wako kwamba ni "pole na kazi", ataona mara moja kwamba hakuna aliyesifiwa, mtu anapewa pole kwa uchovu wake. Anayeingia nyumba ya watu husema "ojama shimasu", yaani nakuja kuwasumbua. Ni hodi ile ile. Mhusika anayeitwa Tanaka-san, "san" ikiwa ni ya heshima, miezi yote, kisha siku moja mtu anamwita Tanaka tu, maandishi hayataonyesha lolote. Lakini aliyelelewa kwenye shikamoo, aliyewahi kusikia mtu mzima akiitwa jina tupu bila Kaka wala Mzee mbele yake, masikio yatamsimama. Ama wamegombana ama wamependana. Ukimdokezea maneno matatu ya namna hiyo kabla hajaanza, ule msamaha wa kusikiliza lugha asiyoijua unageuka kuwa mchezo.

Usikae pembeni yake ukimchungulia uso kila penye kichekesho. Filamu ipe dakika 25, mfululizo upe vipindi viwili usiku mmoja na cha tatu siku nyingine. Akikwama, usimwambie "subiri, inakuja kuwa tamu". Muulize ni nini kilichomkera. Akisema makelele, ondoa zote za vijana wa kupigana, nenda Mushishi. Akisema polepole, nenda Bebop. Akisema hamwelewi nani ni nani, mara nyingi ni nywele: wahusika wa anime hutofautishwa kwa nywele na mavazi kuliko sura, na anayetafuta sura atapotea. Mwambie ashike nywele, kisha airudie ileile kuanzia mwanzo.