Tuazimane, lakini kwa daftari

Jambo lililonihuzunisha kuliko yote tangu nirudi mtaani kwetu kutoka ugenini ni kwamba majirani wameacha kuazimana vitu. Kila ninayemuuliza sababu ananijibu vilevile: siku hizi watu hawana utu. Sikubaliani. Ukiuguliwa wanakuja, ukihamisha kabati wanakusaidia kubeba. Kilichokufa ni azima tu, na ukikaa na wenye vitu ukawasikiliza unaelewa kimeuawa na nini.

Jirani mmoja, ninayemwita shangazi tangu utotoni, alikuwa na toroli lililotumiwa na mtaa mzima. Siku moja lilirudi tairi halina upepo. Siku nyingine mkono mmoja umelegea. Mara ya mwisho lilirudishwa usiku, likaegeshwa ukutani bila hodi, ekseli imepinda. Nimeliona mwenyewe, limepinduliwa uani na kutu imeshaanza kulila. Shangazi hakumuuliza mtu. Kumdai jirani ekseli ni kujitafutia ugomvi, na kutengeneza kwa fedha zake ni kuadhibiwa kwa wema wake. Basi siku hizi akiombwa kitu chochote anasema hana. Aliyeharibu naye si mtu mbaya: aliona aibu, hakuwa na hela ya fundi, akakwepa. Mpaka leo hapiti njia ile. Toroli limekwenda na ujirani umekwenda nalo.

Huko nilikokuwa nilizoea kuazima vitu kwenye maktaba ya vifaa. Wazo hilo si la jana. Mji wa Berkeley, California, una maktaba ya namna hiyo tangu 1979, ikiwa sehemu ya maktaba yao ya umma: unachukua msumeno kama unavyochukua kitabu, na tarehe ya kurudisha inaandikwa. Niliyoitumia mimi ilikuwa chumba kimoja chenye rafu. Drili ilikaa ndani ya sanduku lake, na kwenye kifuniko kumebandikwa karatasi inayotaja kila kilichomo: biti za zege, biti za mbao, ufunguo wa kukazia, miwani ya kukinga macho. Mhudumu alivihesabu mbele yako ukitoka, akavihesabu tena ukirudi. Siku moja aliyenitangulia kwenye foleni alirudisha biti imevunjika. Alisema mwenyewe kabla hajaulizwa, ikaandikwa, akalipa kiasi kidogo kilichokuwa kimebandikwa ukutani kila mtu akione, kisha akaazima kitu kingine. Hakuna aliyenuna. Laiti shangazi na yule jirani wangekuwa na dakika mbili kama zile.

Ndiyo maana nataka mtaa wetu nao uwe na chumba cha azima chenye rafu na daftari. Wapo wanaoniambia kwamba daftari ni mambo ya kigeni, sisi tunaaminiana. Nawaheshimu, lakini ni wahenga wetu hao hao waliosema mali bila daftari hupotea bila habari. Milango miwili inayotazamana haihitaji kuandikiana. Kitu kikishazunguka mtaa mzima, kuaminiana kwa mdomo kunakuwa mzigo wa mtu mmoja, naye ni mwenye kitu. Yeye ndiye akumbuke kiko kwa nani, yeye ndiye aende kukidai, yeye ndiye aonekane mchoyo. Daftari linamtua mzigo huo.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia kitu kwa pamoja: malisho, misitu, maeneo ya uvuvi, mifereji ya umwagiliaji. Aliona kwamba pale mpango ulipodumu, mara nyingi wahusika walijulikana ni nani, kanuni walishiriki kuzitunga, walikaguana wenyewe, na adhabu ilianza ndogo ikapanda taratibu. Hilo la adhabu linatuhusu sana. Sisi tuna hatua mbili tu, kunyamaza na kugombana, na katikati hapana kitu. Mtu akichelewesha ngazi mara ya kwanza akumbushwe tu. Akirudia, asubiri kidogo kabla ya kuazima tena. Huhitaji kumvunjia heshima mtu ili arudishe ngazi.

Si kila kitu ni cha kuzungushwa, na hapa naomba tusikilizane. Ngazi, toroli, drili, turubai, viti vya ziada, cherehani: hivi vinatumika mara chache, vinavumilia mikono mingi, na vinajaza nyumba bure. Lakini kofia ya pikipiki na kiti cha mtoto cha kwenye gari visiingie kwenye rafu ya azima. Vikishapata pigo moja kubwa vinaweza kuwa vimeharibika ndani huku nje vinang'aa, na aliyeviazima hana njia ya kujua. Chochote cha umeme nacho kikaguliwe waya kabla ya kutoka.

Halafu kuna matengenezo, ambayo nadhani ndiyo roho ya mambo haya. Mwaka 2009 Martine Postma alianzisha Amsterdam mikutano ya kutengenezea vitu vibovu, ikaenea nchi nyingi. Nilihudhuria ya namna hiyo na kanuni moja niliipenda: humwachii mtu pasi yako ukaenda zako. Unakaa naye, unashika bisibisi, unaona kilichoungua. Ukitoka hapo hukitupi kitu ovyo tena. Na tunatupa mno. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Ila sitaki tunakili kila kitu. Kule wanaotengeneza hujitolea. Kwetu fundi ni jirani anayelisha watoto kwa kazi hiyo, na mkutano wa bure unaweza kumnyang'anya wateja. Fundi alipwe kutoka mfuko wa pamoja, naye awafundishe vijana wawili watatu wakae pembeni yake.

Tumeshapata chumba na watu wawili wa kushika funguo. Tumekubaliana pia kwamba kitu kikiingia rafuni kinakuwa cha wote, maana mwenyewe akihama au akifariki hatutaki mabishano na warithi. Asiye tayari kukitoa abaki nacho, tutamwelewa.

Bado hatujaafikiana kuhusu malipo. Wazee wanataka azima iwe bure kabisa. Mimi nitasimama kwenye kikao kutetea mchango kila unapoazima, hata uwe mdogo kiasi gani, kwa sababu biti, tairi na grisi vinakwisha hata mtu akitumia kwa adabu, na bila akiba ya kuvinunua tutarudi kumtwika mtu mmoja. Asiye na fedha alipe kwa kazi: afagie chumba, ahesabu vifaa, ashike daftari Jumamosi moja.