Salamu kwa bibi wa Uyole

Kipindi changu cha salamu kilianza saa kumi jioni, hapa Mbeya. Kadi zililetwa na makonda wa Tukuyu na Chunya, nyingine zimelowa mvua. Siku hiyo nikaisoma moja mbiombio kama zilivyo zote: salamu kwa bibi fulani wa Uyole, nyumba ya bati jekundu jirani na mashine ya kusaga, "yeye na fisi wake". Nikacheka, nikaweka wimbo. Wimbo ulipofika katikati ndipo mwili ukanisisimka.

Wiki hii amenirudia akilini kwa sababu ya Mfaransa mmoja, Robert Brasillach. Mtoto wa ofisa wa jeshi aliyeuawa Morocco mwaka 1914. Msomi hasa: aliandika riwaya, na historia ya sinema pamoja na shemeji yake, Maurice Bardèche. Mwaka 1937 akawa mhariri mkuu wa Je suis partout, gazeti la wiki lililojaa chuki dhidi ya Wayahudi. Wajerumani walimteka vitani 1940, wakamwachia mwaka uliofuata, akarudi kwenye kiti chake kuwatumikia.

Kilichoninyima usingizi ni vile gazeti lile lilivyotaja watu. Fulani ni Myahudi, yupo mji fulani. Julai 1942 polisi wa Ufaransa walikusanya Wayahudi zaidi ya 13,000 jijini Paris, watoto wakiwa zaidi ya 4,000. Septemba ya mwaka huohuo Brasillach akaandika kwamba Wayahudi waondolewe wote kwa pamoja, hata wadogo wasibakizwe. Mwandishi wa riwaya huyo!

Alijisalimisha 1944 baada ya mama yake kukamatwa. Kesi ilikwisha kwa siku moja, Januari 1945. Mwandishi mwenzake Albert Camus alisaini ombi asiuawe, mwandishi mwingine, Simone de Beauvoir, akakataa, na de Gaulle, mkuu wa serikali, hakumsamehe. Alipigwa risasi Februari 6, akiwa na miaka 35. Mimi ningesaini, nadhani, halafu ningeenda kunawa mikono.

Bibi alikuja redioni asubuhi yake, kanga kaikaza kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Ni wewe uliyenisalimia jana?"

Usiku walikuwa wamepiga mawe bati lake hadi alfajiri. Haukupita mwezi akahamia kwa binti yake, Makambako. Kadi ile niliitafuta kapuni nione nani kaiandika. Chini iliandikwa tu: msikilizaji wenu mpenzi.