Nilivyoutafuta ukoo wa mume wangu kwenye mafaili ya mirathi ya North Carolina

Mimi Mtanzania, mume wangu Mmarekani mweusi, kwao ni mashariki ya North Carolina. Upande wangu watoto naweza kuwatajia mababu kurudi nyuma mpaka Usangi huko Upareni, nani alimuoa nani na alitokea wapi, ila upande wa baba yao tulikuwa tunafika kwa bibi mmoja tu halafu basi. Mama mkwe kila nikimuuliza ananijibu, "Mwanangu, zaidi ya hapo hakuna kitu, walikuwa watumwa." Mimi nikawa nawaza tofauti, kwamba kama waliwafanya watu kuwa mali basi lazima wapo kwenye karatasi, maana mwenye mali akifa mali yake inaorodheshwa na watu wanaigombania. Ndo nikaamua niingie kwenye mirathi.

Kwa wasiojua, sensa ya Marekani ya 1870 ndo ya kwanza iliyowaandika watu weusi walio wengi kwa majina yao, maana utumwa ulikomeshwa 1865. Za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya watumwa lakini utakuta jina la mmiliki, chini yake umri, jinsia na rangi, mwanamke miaka 40, mtoto wa kiume miaka 3, jina hakuna. Wengi wanaishia hapo wanakata tamaa.

Mimi kwenye 1870 sikuangalia familia yetu peke yake, nilisoma na majirani wote kurasa za mbele na za nyuma, kwa sababu watu wengi walipoachiwa huru hawakwenda mbali, walibaki wanalima mashamba yaleyale au ya jirani, kwa hiyo nikaandika pembeni kila mzungu mwenye ardhi kubwa eneo lile. Na msidanganyike na ubini. Watu walichukua ubini wa bwana wa zamani kabisa, au wa baba, au waliojichagulia wenyewe, sio lazima wa yule wa mwisho aliyewamiliki.

Kilichonisaidia mwanzoni ni karatasi za ndoa za 1866. North Carolina walipitisha sheria kwamba waliokuwa watumwa na wanaishi kama mume na mke waende kwa karani wa kaunti au hakimu wa amani waseme wameishi pamoja tangu lini, ada senti 25. Babu na bibi yetu wapo! Walisema wameishi pamoja miaka 28. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu, maana miaka 28 hiyo sheria haikuitambua ndoa yao hata siku moja, na wao walikuwa wanahesabu.

Baada ya hapo nikaingia kwenye mafaili yenyewe ya mirathi. Yanatunzwa na hifadhi ya nyaraka ya jimbo pale Raleigh na mengi yamepigwa picha yapo FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, bure, unafungua akaunti tu. Yamepangwa kwa kaunti na jina la marehemu, kwa hiyo lazima uwe na jina la mzungu aliyekufa, na hapo ndo ile orodha yangu ya majirani ilipofanya kazi. Utaratibu wake mtu wa Bongo anauelewa haraka sana: mtu akifa bila wosia mahakama ya kaunti, ambayo ilikuwa inakaa mara nne kwa mwaka, inateua msimamizi wa mirathi, anaweka dhamana, anaorodhesha mali, analipa madeni, kinachobaki warithi wanagawana. Wakishindwa kugawana watu waliokuwa watumwa wanaomba mahakama, inateua watu wa kuwathamini na kuwapanga kwenye mafungu yenye thamani inayolingana, na fungu likizidi linalifidia lililopungua. Kwa hela.

Bibi nilimkuta kwenye mgawanyo wa miaka ya 1840. Orodha inaanza na majembe, nguruwe, kitanda na godoro la manyoya, gurudumu la kusokotea nyuzi, halafu mwandiko uleule, wino uleule, majina ya watu na bei. Yeye yupo fungu la tatu, amethaminiwa pamoja na mtoto mchanga. Mtoto wake wa miaka 6 yupo fungu la kwanza. Ukurasa mmoja. Sitaji majina yao hapa, ni ya familia, lakini nilifunga laptopu siku hiyo.

Fungu la tatu lilienda kwa binti wa marehemu ila limeandikwa kwa jina la mumewe, kwa sababu kisheria mali ya aina hiyo ya mke ilikuwa inaenda kwa mume. Hapo ndo watu wengi wanapotea, wanafuata ubini wa marehemu wakati mtu wao kashahamia kwenye ubini wa mkwe. Fuateni mabinti na waume zao, jamani. Mkwe naye akafa akaacha watoto wadogo, mahakama ikawawekea mlezi wa mali, na huyo mlezi kila mwaka ilibidi apeleke hesabu. Kila Januari bibi alikuwa anakodishwa, imeandikwa kakodiwa na nani na kwa dola ngapi, na nilipozipanga hizo hesabu mwaka hadi mwaka nikaona bei yake inashuka, nikajua hapo amejifungua. Ikafika mwaka hakuna aliyemlipia chochote, ana watoto wadogo kadhaa, ikabidi mirathi yenyewe imlipe mtu wa kumtunza, na anapewa yule aliyekubali hela kidogo kuliko wenzake. Tarehe za kuzaliwa za mababu wa wanangu nimezipata hivyo, kwenye hesabu za kukodishwa kwake.

Baba haonekani popote kwenye mafaili haya. Sheria ya Virginia ya 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama, na makoloni ya kusini yakaenda na utaratibu huohuo, kwa hiyo makarani waliandika mama na watoto, baba hakuwahusu, hasa kama alikuwa wa shamba lingine kama huyu wetu. Bila ile karatasi ya senti 25 tusingemjua.

FamilySearch siku hizi ina sehemu inayosoma maandishi ya mkono, unaandika jina inakutafutia, inasaidia sana, lakini ukilipata jina soma faili zima mpaka risiti.

Mama mkwe nilimprintia zote. Alisoma ule ukurasa wa mafungu polepole halafu akaniuliza, "Huyu wa miaka 6 alienda wapi?" Mrithi wa fungu la kwanza alihamia Alabama kama wengi wa enzi zile waliokuwa wanakimbilia ardhi ya pamba. Yule mtoto kama alifika 1870 alikuwa na miaka thelathini na kitu, yupo kwenye sensa kwa jina lake, na kwa sasa napitia kaunti ile ya Alabama ukurasa kwa ukurasa pamoja na mirathi ya huyo mrithi.