Namba za Orodha ni Sehemu ya Maandishi

Hivi karibuni nilikuwa nikiandaa, kwa HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti), ukurasa wa kanuni za kikundi fulani, zenye vifungu 18, na baada ya kifungu cha 6 palikuwa na aya ya maelezo iliyonilazimu kuifunga orodha ya kwanza na kufungua nyingine. Nilipoufungua ukurasa kwenye kivinjari, kifungu cha 7 kilikuwa kimeanza upya kama cha 1, na kifungu kilichosema "kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 7" kikawa kinamwelekeza msomaji kwenye jambo lisilohusiana nacho kabisa.

Tiba yake ni fupi: tagi ya `ol` ya pili, yaani ile inayofungua orodha yenye namba, inaandikwa `start="7"`. Thamani yake ni namba kamili wakati wote, hata kama orodha inaonyesha herufi, kwa hiyo orodha yenye `type="a"` inayotakiwa kuanzia c huandikwa `start="3"`. (Kama aya ile ingekuwa ya kifungu cha 6 chenyewe, ingefaa kuiweka ndani ya `li` yake, yaani tagi inayobeba kifungu kimoja kimoja, na orodha isingekatika.) Kifungu kinapofutwa na vinavyofuata havina budi kubaki na namba zake za zamani, `li` inayofuata pengo hupewa `value` yenye namba yake, na zilizo chini yake huendelea kuhesabu kuanzia hapo. Sifa ya `reversed`, inayohesabu kurudi nyuma, sijaihitaji mara nyingi.

HTML 4.01 ya mwaka 1999 iliziorodhesha `start` na `value` miongoni mwa sifa zisizopendekezwa tena, kana kwamba namba ni pambo la kuachiwa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, ilizirudisha, na naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu namba inayotajwa mahali pengine katika maandishi ni sehemu ya maana yake, na ukiibadilisha umebadilisha kanuni yenyewe.

Sisemi kwamba CSS haina kazi hapa. Vifungu vidogo vya mtindo wa 2.1.3 haviwezi kupatikana kwa HTML pekee, kwa kuwa kila `ol` iliyo ndani ya nyingine huanza hesabu yake yenyewe, na ni `counters()` ya CSS inayoziunganisha hesabu hizo kwa nukta. Wengi hutunga kaunta (kihesabio) yao kwa `counter-reset` na `counter-increment`, kisha wakashangaa kuona haijali `start` wala `value`. Mimi hutumia kaunta ya `list-item`, ambayo kivinjari huitunza chenyewe na ambayo huzifuata sifa hizo. Jambo jingine la kuangalia ni `list-style: none`, inayoficha namba za orodha, kwani katika kivinjari cha Safari inaweza kuifanya VoiceOver, programu ya Apple inayosoma skrini kwa sauti, isitangaze tena kwamba hapo pana orodha, na anayesikiliza ukurasa badala ya kuutazama hukosa kujua kuna vifungu vingapi. Kuongeza `role="list"` kwenye tagi ya orodha hurekebisha hilo.

Katika kanuni zile kila `li` sasa ina `id` yake, yaani jina la kipekee la kuitambulisha, na kila rejeo ni kiungo kinachompeleka msomaji kwenye kifungu kinachotajwa. Namba iliyo ndani ya kiungo, hata hivyo, naiandika kwa mkono, kwa sababu HTML haina njia ya kuichukua kutoka kwenye orodha, na kila kifungu kinapoongezwa hupitia marejeo yote, moja baada ya jingine, kabla ya kuuchapisha ukurasa.