Desibeli 75 kwenye mto

Mtihani ni Ijumaa. Ni wa Daraja la II la mafundi wa mifumo ya ving'ora vya moto, na unaendeshwa na NICET, taasisi inayotahini mafundi hapa Marekani. Daraja la I ninalo. La II linataka uwe umekaa kazini miaka 2, tena msimamizi athibitishe kwamba kazi unazosema unaziweza umezifanya kweli. La III ni miaka 5, la IV ni 10. Hayo ya mbele yakae huko huko mbele.

Kitabu kikuu ni NFPA 72, kanuni za Marekani za ving'ora vya moto. Hutolewa upya kila baada ya miaka 3, kwa hiyo ukiona nakala ya bei nafuu mtandaoni, angalia kwanza kama ni toleo ambalo mtihani wako unalitumia. Ni kinene na lugha yake ni ya kimahakama. Hakuna anayekutaka ukikariri chote. Unachotakiwa ni kujua jibu linakaa sura gani ulifikie kabla muda haujakwisha. Mimi sura nimezipanga kichwani kama steji za matatu ya Machakos kwenda Nairobi: Kyumvi, Athi River, Mlolongo. Sura ya 10 ni mambo ya msingi pamoja na umeme na betri, ya 12 njia za waya, ya 14 ukaguzi na majaribio, ya 17 vitambua moshi, ya 18 ving'ora na taa, ya 21 milango na lifti. Baadhi ya namba katikati zimeachwa tupu makusudi, zikingojea mambo yatakayokuja. Hilo limenifurahisha. Ni nadra kukuta watu wa sheria wakikiri kwamba kuna mengine yanakuja.

Hesabu ninayoipenda ni ya betri. Umeme ukikatika, mfumo unatakiwa ukae macho saa 24 kwa betri, na baada ya hapo bado uweze kulia dakika 5. Jengo lenye matangazo ya sauti ni dakika 15. Chukua paneli, lile sanduku linaloendesha mfumo wote, inayokula ampea 0.32 ikiwa imetulia na ampea 2.4 ikiwa inalia. Saa 24 za utulivu: ampea-saa 7.68. Dakika 5 za kelele: 0.2 tu. Jumla 7.88, ongeza asilimia 20 ya tahadhari, unapata karibu 9.5, basi unaweka betri za ampea-saa 12. Siku ya kwanza kuikokotoa nilirudia mara mbili nikidhani kikokotoo kimeharibika. Kumbe betri haimalizwi na kelele, inamalizwa na kungoja.

Kuanguka kwa volti njiani kwenye waya si kugumu ukishakumbuka kwamba waya una kwenda na kurudi. Ving'ora vikiwa futi 250 kutoka kwenye paneli, umeme unatembea futi 500. Unaanza hesabu na volti 20.4, kwa sababu hiyo ndiyo asilimia 85 ya 24, betri ikiwa imechoka, na king'ora cha mwisho kabisa kisipate chini ya 16. Hapo katikati ni kanuni ya Ohm ile ile tuliyofundishwa na mwalimu wa fizikia kidato cha tatu, chaki mkononi, bila hata waya mmoja wa kutuonyesha.

Jioni Mama Mwende ananiuliza maswali huku anakata sukuma. Nimemwandikia kwenye vikaratasi, naye anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Baba Mwende, chumba cha kulala, sauti ngapi?"

"Desibeli 75, ipimwe kwenye mto. Au 15 juu ya kelele ya kawaida ya chumba, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi."

"Kwenye mto? Wameandika hivyo?"

Wameandika hivyo. Si mlangoni wala chini ya king'ora chenyewe. Unafunga mlango wa chumba, unaweka kipimo pale kichwa kinapolala. Tena mlio wenyewe, katika hoteli na mabweni, siku hizi ni mzito, herzi 520, kwa sababu ule mwembamba wa zamani wa karibu herzi 3,100 watoto wanaendelea kulala tu ukilia, na wazee masikio yao hayaufikii tena.

"Na kiziwi je?"

Kiziwi ana taa ya kumwekamweka. Ikiwa imefungwa inchi 24 au zaidi chini ya dari, mwanga wake uwe kandela 110. Ikiwa karibu na dari kuliko hapo, 177. Moshi hujikusanya juu kwanza, kwa hiyo taa iliyo juu lazima iwe na nguvu ya kuupenya. Mama Mwende akaacha kukata, akasema, "Huyu aliyeandika hiki kitabu amelala sehemu mbaya."

Mimi nimelala sehemu mbaya. Machi 2001 nilikuwa shule ya bweni, si mbali na shule ya Kyanguli, Machakos. Wavulana 67 waliungua kule usiku mmoja. Petroli ilimwagwa, mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Bweni letu lilikuwa na vyuma vile vile. Baada ya hapo tulihesabiwa kila usiku na kukaguliwa masanduku, lakini sikumbuki mtu akija na kitambua moshi hata kimoja. Septemba 2024, wakati huo tayari napanda ngazi kufunga vifaa hivi kwenye dari za watu wa Columbus, simu ikaleta habari za moto wa bweni la shule Endarasha, Nyeri. Watoto 21 walikufa. Siku hiyo nilifunga kitambua moshi kwenye korido ya bweni la chuo, na kila skrubu niliikaza zaidi ya inavyohitaji.

Na hapa pia vifaa peke yake havitoshi. Januari 2022, katika jengo la ghorofa 19 kule Bronx, watu 17 walikufa kwa moshi, 8 kati yao watoto, wengi wa familia zilizotoka Gambia. Hita ya umeme iliwasha moto, milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe ikabaki wazi, na wakazi walisema king'ora kililia ovyo mara nyingi kabla ya siku hiyo, hata wakaacha kukijali. Ndiyo maana maswali ya sura ya 17, yale ya kitambua moshi kukaa inchi 36 kutoka kwenye tundu la hewa na kadhalika, siyaoni tena kuwa ya kuonea watahiniwa. Kifaa kilichowekwa vibaya kinalia bure, na kikilia bure vya kutosha ni sawa na kutokuwepo.

Sura ninayoirudia bila kulazimishwa ni ya 21. Inasema mlango wa kutokea uliofungwa kwa umeme ufunguke moto unapotangazwa. Juzi tulijaribu mmoja kwenye kliniki: mwenzangu akaweka paneli kwenye hali ya moto, sumaku juu ya mlango ikasema "tak", nikausukuma kwa kidole kimoja ukaenda. Tukaujaribu tena kwa kukata umeme, ukafunguka vile vile. Mwenzangu alitaka tuhamie mlango mwingine, nikamwomba turudie.

Kufuli ya chuma yenye ufunguo mfukoni mwa bwana bweni haimo kwenye sura hiyo, wala hakuna waya wa kuifikia.

Iliyobaki sasa ni sura ya 14. Majedwali yake ni marefu na siyapendi: kipi hukaguliwa kila mwezi, kipi kila nusu mwaka, kipi kila mwaka. Mama Mwende amesema vikaratasi hivyo havisomi mpaka nimwandikie kwa mwandiko unaosomeka.